Zana: Mazingira Halisi

Andalio la somo la mwalimu tarajali lina mahali pa kuandika zana za kufundishia na kujifunzia. Somo likigusa udongo, mimea au hali ya hewa, mahali hapo hujazwa maneno mawili: mazingira halisi. Ni jibu la mtu mwenye akili. Halidai manila wala kalamu za rangi, na mkufunzi akija kukagua hawezi kusema zana haikuletwa, kwani anaiona dirishani. Baada ya hapo kipindi huendelea ubaoni kama ilivyo desturi. Aina za udongo ni tatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Nakilini. Tuseme kwa pamoja.

Shule hiyo ikiwa Usukumani, nje ya dirisha upo mteremko wenye aina za udongo zaidi ya tatu, na watoto waliomo darasani wanazijua kwa majina kwa sababu ndiko wanakolima na kuchunga. Chini kidogo ya kilima cha mawe ya itale upo luseni, mchanga mwepesi usiosumbua jembe. Ukiteremka unakuta itogolo, wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayalipenyi. Sehemu nyingine upo ibambasi, mgumu na wenye magadi, ambao mkulima huupita bila kugeuka. Bondeni kabisa ipo mbuga, nyeusi, inayong'ang'ania viatu masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi. Mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima, na ndio unaoamua wapi patalimwa karanga, wapi pamba na wapi mpunga.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, kutokana na kazi yake Afrika Mashariki. Leo katena imo katika vitabu vya sayansi ya udongo dunia nzima. Mwanafunzi wa chuo kikuu huisoma mwaka wa kwanza na kuisahau wa pili. Mtoto wa Maswa au Kwimba anayetumwa na baba yake kupeleka mbegu shamba la chini badala ya la juu anaitumia bila kuisoma, na akifika shuleni anaambiwa udongo ni wa aina tatu.

Tuseme mwalimu anaamua kuitoa zana yake kwenye karatasi. Darasa la nne lina watoto tisini, na tisini hawawezi kuinamia shimo moja, kwa hiyo anawagawa makundi matatu: juu, katikati na chini ya mteremko. Kila kundi lina jembe, ndoo ya maji na kikombe. Majembe yapo, shule zetu za vijijini huweza kukosa chaki, majembe hazikosi. Wanachimba shimo la kina cha dhiraa moja, wanachukua konzi ya udongo, wanaulowesha na kuuviringisha kiganjani. Luseni unamomonyoka kabla haujawa kitu. Udongo wa mbuga unakuwa kamba, na kamba inakunjwa ikawa pete bila kukatika. Kisha kila kundi linamimina kikombe kimoja cha maji shimoni na kuhesabu kwa sauti mpaka maji yaishe. Waliopo juu hawafiki mbali. Waliopo kwenye itogolo wanahesabu mpaka wanachoka, na maji bado yanawatazama.

Hapo swali linakuja lenyewe. Kitabu cha kilimo kinasema tabaka gumu ni kasoro ya udongo, mizizi haipiti na maji hayashuki. Mbona basi majaluba ya mpunga ya kijiji kizima yamejengwa juu ya itogolo? Mtoto mmoja atasema ni kwa sababu maji hayaendi popote. Mwingine atasema babu yake anasema ni mbolea inayoteremka na mvua kutoka mazizini. Huyo wa pili hajakosea kwa lazima, na huyo wa kwanza hajashinda bado. Mwalimu hahitaji kujua nani ana haki. Anahitaji kujua hatua inayofuata: kwenda kuangalia jaluba lililo mbali na zizi lolote, au kumfuata babu na kumwuliza amejuaje.

Kwa bahati mbaya dakika 40 zimekwisha, na andalio bado linadai hatua zake za mwisho.

Kipindi cha aina hiyo hakihitaji mwalimu mwenye kipaji. Kinahitaji mwalimu aliyewahi kufanyiwa hivyo chuoni, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Vyuo vyetu vimekuwa vikifundisha umahiri na ufundishaji shirikishi tangu mtaala wa 2005, na mtaala ulioanza kutumika baada ya sera ya elimu toleo la 2023 umeleta hata somo lenye jina la Jiografia na Mazingira. Lakini ufundishaji shirikishi huu, pamoja na udadisi, hufundishwa kwa mhadhara, ukanukuliwa daftarini: sifa za udadisi ni hizi sita, faida zake ni hizi nane. Mtihani huuliza faida tano. Mwalimu tarajali anatoka akiweza kutaja faida tano za kuuliza maswali ambayo majibu yake huyajui, bila kuwahi kuuliza hata moja.

Yale majembe ya shule yana historia. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na ukilisoma leo utashangaa jinsi alivyotaka mengi kwenye shamba la shule. Wanafunzi washiriki kupanga, waamue, waone matokeo ya uamuzi wao, mavuno yakiwa mabaya wajue kwa nini. Shamba lingekuwa darasa la udadisi kabla sisi hatujaanza kulipia semina zenye jina hilo. Kilichofika shuleni, mara nyingi, ni shamba lenyewe. Maamuzi yalibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, mavuno yakaenda yalikokwenda, na aliyechelewa namba akapewa tuta la kupalilia. Vizazi vitatu vya Watanzania vimejifunza shuleni kwamba ardhi ni mahali pa kupelekwa ukikosea.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974 likaja jambo jingine ambalo tumezoea kulicheka. Ili kila mtoto apate shule, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu kwa mafunzo yaliyoendeshwa humohumo vijijini, wakifundisha huku wakisoma kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Watu wakaitafsiri UPE, yaani Universal Primary Education, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Udhaifu wao katika hisabati sitaki kuutetea. Lakini mwalimu huyo alikuwa mtu wa pale. Alijua nani ana ugomvi na nani juu ya mpaka wa malisho, alijua mti upi haukatwi na kwa nini, na mtoto akitaja itogolo hakuhitaji mkalimani. Tulipomwondoa tukaweka mwalimu mwenye elimu zaidi, hatukujiuliza kama kuna kitu kinaondoka naye.

Mwalimu wa leo hupangiwa kituo. Binti aliyekulia Rombo anaweza kuripoti Meatu bila kuwahi kuona mbuga wala ng'ombe zaidi ya wawili kwa pamoja. Utaratibu huo umejenga taifa na sina nia ya kuubeza. Nchi ambako walimu wote hufundisha kwao hupata matatizo mengine. Ila maana yake ni kwamba mafunzo ya udadisi wa mazingira, kwa Tanzania, ni mafunzo ya ugeni. Chuo hakiwezi kumpa binti huyo maarifa ya Meatu. Kinaweza kumpa adabu na mbinu za mtu asiyejua: aanze kwa nani, akae wapi, aulize nini kwanza, anyamaze lini, na aandike nini akirudi. Badala yake tunampa kujiamini mbele ya ubao, jambo ambalo ni karibu kinyume chake.

Na wenyeji nao hawajibu mtu kirahisi. Wana sababu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahimiza na kuwaamuru Wasukuma wafyeke vichaka ili kufukuza mbung'o. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Mwaka 1947 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma na amri zake za matuta, makinga maji na kupunguza mifugo, ambao uliachwa katikati ya miaka ya 1950 baada ya watu kuuchoka. Mwaka 1974 na 1975 zikaja operesheni za vijiji, na familia zikahamishwa mbali na malisho waliyoyatunza. Muongo mmoja baadaye, Shinyanga ikiwa imebaki vumbi, likaja agizo la kupanda miti. Babu mmoja angeweza kuishi yote hayo: akakata miti kwa amri, kisha akaipanda kwa amri. Ukimwendea na daftari ukamwuliza anatunzaje mazingira, atakujibu kwamba tunapanda miti, hatuchomi moto ovyo, na tunashukuru serikali. Mwalimu tarajali ataandika jibu hilo kuwa ndiyo maarifa asilia.

Maarifa yenyewe yalikuwa ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha malisho kinafungwa, nyasi na vichipukizi vinaachwa vikue, na kiangazi kikishika, mwezi wa Julai au Agosti, kinafunguliwa kidogo kidogo. Ngitili ya familia huwa karibu na mji, kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na mifugo iliyodhoofu. Ya jamii huwa kubwa zaidi. Sheria zake hutungwa kwenye dagashida, mkutano wa wanajamii ambako watu hupingana kweli kweli, na sungusungu, walinzi wa kijiji, hushughulika na anayevunja. Operesheni za vijiji zilipowatenga watu na ardhi zao, nyingi zilikufa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, na Norway ikausaidia. Mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi yote ya miti hufanya: vitalu, miche, miti ya kigeni, na takwimu za miche iliyotolewa. Haukufika mbali. Ndipo maofisa wakaanza kuangalia vichaka vichache vilivyobaki karibu na miji ya watu na kuuliza ni vya nani na kwa nini havijakatwa. Mwaka 1986 eneo la ngitili lililojulikana lilikuwa hekta 600 hivi. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, uliotolewa 2005, ulikadiria kuwa hekta zisizopungua 350,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji 833. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ekweta ya UNDP. Miti mingi haikupandwa na mtu. Mizizi na visiki vilikuwa bado hai ardhini, vilihitaji kuachwa.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa uoto. Mimi nakiona pia kama kisa cha mafunzo kazini ya watumishi wa umma. Watu wenye vyeti vya misitu walijifunza kuuliza, wakajibiwa, wakabadilisha kazi yao. Chuo cha ualimu kinachotafuta mfano wa udadisi wa mazingira hakina haja ya kuagiza vitabu Ulaya.

Huko nje wapo waliofika mbali katika hili, na inafaa kuwatazama bila kuwaiga. Canada ilichukua watoto wa wenyeji wa asili zaidi ya 150,000 kutoka kwa wazazi wao ikawaweka katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha kwao, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa miito 94, na wa 62 kati yake unadai vyuo vikuu vipewe fedha za kuwaandaa walimu kuingiza maarifa na mbinu za kufundishia za wenyeji hao madarasani. Kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa tayari na kitabu cha walimu kiitwacho Natural Curiosity, cha 2011, kuhusu udadisi wa watoto katika mazingira. Toleo la pili la 2018 lililazimika kuandikwa upya kwa kiasi kikubwa ili mtazamo wa wenyeji uwe ndani yake badala ya kuwa sura ya mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mzee Albert Marshall wa Wami'kmaq, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, alikwishapendekeza Etuaptmumk, yaani kutazama kwa macho mawili: jicho moja kwa nguvu za maarifa ya wenyeji, la pili kwa nguvu za sayansi ya Magharibi, na yote mawili yafanye kazi pamoja.

Kwetu hali ni nyingine. Waziri ana kwao, mkufunzi ana kwao, na yawezekana ngitili ya baba yake ipo mpaka leo. Hakuna mlowezi wa kulaumiwa chuoni. Kila anayeingia langoni huyaacha ya kwao getini kwa hiari, kama mtu anayevua kandambili. Ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda na wachache wengine wanaoweza kuisoma hadithi ya Canada na kuona inawahusu moja kwa moja, maana watoto wao ndio wanaopelekwa bweni mbali na porini walikojifunza kila kitu. Sisi wengine tunayo shule yenye bango la ONGEA KISWAHILI, au la Kiingereza pale ada inapokuwa kubwa, na mtoto akitaja udongo kwa jina la nyumbani huambiwa aseme vizuri.

Kuna njia rahisi ya kutoka hapo, na naiogopa kuliko ubao. Ni kuyatangaza maarifa ya wazee kuwa hazina, kuyapangia mada, kuyawekea picha ya mzee mwenye mgolole, na kuyatungia maswali ya kuchagua. Darasa la saba mtoto husiliba herufi kwa penseli. Haitakuwa kazi kubwa kumwuliza ngitili ni nini na kumpa A, B, C na D. Hapo maarifa yaliyotokana na watu kupingana dagashida yatakuwa yamekufa kifo cha heshima.

Halafu hazina hiyo ina mambo yake. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, na kuni zilipokwisha kwa samadi kavu ya ng'ombe, hana namna ya kuwa na macho meupe. Mzee anayeweza kukueleza kwa usahihi siku ya kufungua ngitili anaweza kuwa yuleyule anayeamini kuhusu macho. Mwalimu aliyefundishwa kuinamisha kichwa mbele ya kila neno la mzee hana la kufanya hapo. Aliyefundishwa kubeza wazee naye hana, kwa sababu hakuna atakayemsikiliza. Aliyefundishwa kuuliza ana pa kuanzia: nani hupika na nini, kuni zinatoka umbali gani, zilikuwa zinatoka wapi kabla ngitili haijarudi, na macho ya nani yanauma. Ni swali la mazingira kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni swali la hatari pia kwa mgeni wa miezi mitatu, na chuo kinachomtuma mtu huko bila kumwambia hivyo kinakosea.

Ndiyo maana nasema kuyaheshimu maarifa ya wenyeji ni kuyaingia kwa hoja, kama wao wenyewe wanavyoyaingia. Wanaume wenye ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa, na wanawake wanaotafuta kuni na mboga za porini humo si kila mara wana sauti katika kuifunga na kuifungua. Kijiji kinalijua hilo na kinalizungumza. Ni kwenye mabango ya miradi tu ndiko jamii yote hukubaliana.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyataka chuoni ni madogo na yanahusu alama. Kwenye mazoezi ya kufundisha, ambayo kila mtu huyaita BTP, mkufunzi hufika na gari, hukaa nyuma ya darasa, huangalia kama andalio lina hatua zote, kama maandishi ubaoni yamenyooka na kama lengo la somo limefikiwa, kisha huondoka kwenda shule inayofuata. Mwalimu tarajali hufundisha kile kinachopimwa, na ana haki. Wiki ya kwanza ya BTP isiwe na ubao. Apewe mteremko mmoja, au kisima kimoja, au njia moja ya ng'ombe, na mkufunzi akifika aulize mambo matatu: vitu vya hapa vinaitwaje, ni nani alikupinga, na umekuja na swali gani ambalo hukuwa nalo chuoni. Asiyekuwa na aliyempinga hajazungumza na mtu bado, amekusanya salamu. Na swali atakaloleta liwe ndilo somo lake la wiki ya pili, hata kama haliko kwenye azimio la kazi la muhula huo.

Hapo litazuka suala la malipo, na wakuu wa vyuo watalitaja kabla yangu. Mzee anayeletwa chuoni kuzungumza saa mbili juu ya malisho ameacha ng'ombe wake kwa mtu. Taratibu nyingi za malipo hutaka kujua kiwango cha elimu cha mtoa mada ili apangiwe kiasi chake, na kwa mtu aliyeishia darasa la nne enzi za mkoloni safu hiyo hubaki wazi. Fomu yenye safu wazi hurudishwa kutoka uhasibuni. Mwisho wake mzee hupewa soda, nauli ya bodaboda na makofi ya kilo, wakati mtoa mada wa mchana, aliyetoka mjini na slaidi zake kuhusu maarifa ya wazee, ameshatia saini yake. Walimu tarajali wamo ukumbini muda wote huo, na kuona wanaona.